Sarafu yako ni kosa la kiwandani au ilikanyagwa na treni? Soma kabla hujatuma "ada ya cheti"

Wiki chache zilizopita tulikuwa Soweto West, Kibera, kwenye kliniki yetu ya wateja. Si jambo kubwa: tunaweka meza na mwavuli nje ya duka la wakala, na yeyote anakuja na swali lake. Mengi yanafanana. Nimesahau PIN. Nimetuma kwa nambari isiyo yake. Laini yangu imefungwa. Siku hiyo, kabla chai haijapoa, mama mmoja anayeuza chapati upande wa Kianda alifika, akafungua fundo la leso, akaweka sarafu ya shilingi moja mezani.

"Nataka kutuma 2,600," akasema. "Lakini huyu kijana wa hapa amekataa kunisaidia. Anasema niongee na nyinyi kwanza."

Wakala alikuwa amesimama nyuma yake. "Mathe, mimi sijakataa pesa yako. Nimekataa wewe uibiwe."

Alikuwa ameona tangazo Facebook la mtu anayenunua sarafu "zenye makosa ya kiwanda". Akapiga picha ya hiyo shilingi, akaituma kwa WhatsApp. Jibu likaja haraka: hongera mama, hii ni adimu sana, thamani yake ni 380,000, tuma 2,600 ya cheti cha uhakiki leo kabla ya saa kumi, kuna mtu mwingine ana sarafu kama hii. Hiyo 2,600 ilikuwa pesa ya unga na mafuta ya wiki nzima.

Tukaichukua ile sarafu na kuiangalia. Ilikuwa shilingi moja ya 2018, ile ya twiga. Ilikuwa imetanuka, si ya mviringo tena, nyembamba kama kifuniko cha soda kilichopigwa nyundo, na shingo ya twiga imevutika kuelekea upande mmoja. Ukiiona kwa picha ya simu, kusema kweli inavutia. Lakini wakala aliitazama mara moja tu akacheka.

"Hiyo ni treni."

Reli ya kwenda Kisumu inapita katikati ya Kibera, na watoto wa hapa wamekuwa wakiweka sarafu na vifuniko vya chupa juu ya chuma tangu zamani, wanajificha, treni inapita, wanakimbilia kuona kimebaki nini. Mmoja wetu aliyelelewa Laini Saba alikiri kwamba aliwahi kupoteza nauli yake hivyo.

Tuliamua kuandika makala haya kwa sababu maswali ya aina hii yanaongezeka, na kwa sababu watu wakiambiwa tu "hiyo ni ulaghai" hawaamini. Mtu ana sarafu mkononi ambayo kweli ni ya ajabu. Anataka kujua kwa nini ni ya ajabu. Hilo ni swali zuri, na linajibika ukiwa nyumbani bila kumlipa mtu hata shilingi.

Anza na jinsi sarafu inavyozaliwa. Kiwandani, chuma hukatwa kutoka kwenye bamba refu na kuwa visahani vitupu, visivyo na picha. Visahani hivyo huviringishwa pembeni ili ukingo uinuke kidogo. Kama sarafu ni ya chuma cha kupakwa nikeli, kama shilingi moja yetu ya siku hizi, upakaji hufanywa kabla ya kupigwa picha. Halafu kisahani huingia katikati ya chapa mbili za chuma kigumu, moja juu na moja chini, huku pete ya chuma ikikizunguka ili kisitanuke. Chapa hugongana mara moja kwa nguvu kubwa sana. Chuma cha kisahani hutiririka kama unga wa chapati uliobonyezwa, kinajaza kila shimo la chapa, na hapo ndipo picha, herufi na mwaka hutokea. Baada ya hapo sarafu inadondoka kwenye kapu. Kazi imekwisha.

Kwa hiyo kosa la kweli la kiwandani ni lile tu lililotokea kabla au wakati wa ule mgongano mmoja. Chochote kilichotokea baada ya sarafu kudondoka kwenye kapu, iwe treni, jiko, nyundo, tindikali ya betri ya gari au mtu mwenye msasa na nia mbaya, ni uharibifu. Ukiwa na sarafu isiyo ya kawaida, usijiulize kwanza "ni ya pesa ngapi". Jiulize: chapa mbili na pete moja zingewezaje kufanya hivi? Usipopata jibu, karibu kila mara ni kwa sababu jibu halipo.

Turudi kwa shilingi ya mama. Kuna kosa la kweli linalofanana nayo. Ile pete ya pembeni ikikosekana wakati wa kupiga, sarafu hutoka pana kuliko kawaida. Mnunuzi wa WhatsApp huenda alishawahi kusikia hilo, au hajui kitu kabisa na anawaambia wote hivyo hivyo. Tofauti iko kwenye picha. Sarafu iliyopigwa bila pete ni pana, lakini twiga wake ana ukubwa uleule wa twiga wa sarafu nyingine na mistari yake imekaza. Kilichoongezeka ni sehemu ya nje tu. Sarafu ya reli ni kinyume. Picha ilikuwa imeshakamilika, halafu gurudumu likaivuta pamoja na chuma. Herufi zinarefuka, zinafifia, pande zote mbili zinakuwa laini kama sabuni iliyotumika. Tukaweka sarafu ya mama kando ya shilingi nyingine ya 2018 kutoka kwa droo ya wakala. Shingo ya twiga wake ilikuwa ndefu zaidi waziwazi. Hakuna chapa duniani yenye twiga huyo.

Tambua tulichofanya hapo: tulitumia sarafu nyingine ya aina ileile na mwaka uleule. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, na watu wa Soweto West wanayo kwa wingi. Muuza maji anakusanya sarafu kutwa nzima. Choo cha kulipia pia, na kondakta wa matatu. Omba kubadilisha mia moja kwa sarafu za bob kumi, zipange mezani, linganisha. Kama zote ziko na hicho unachoita kosa, basi si kosa, ndivyo zilivyoundwa.

Baada ya hapo tumia ukucha. Pitisha ukucha juu ya mstari unaokushangaza. Mstari ulioinuka juu ya uso wa sarafu unaweza kuwa wa kiwandani: chapa hupata ufa baada ya kupiga sarafu nyingi, chuma kinaingia kwenye ufa, na sarafu inatoka na mstari mwembamba ulioinuka, mara nyingi ukianzia ukingoni na kupitia kwenye herufi. Mstari uliozama ndani ni mkwaruzo. Kisu, msumari, jiwe, funguo mfukoni, vyote vinachimba, na hakuna kisu kinachoweza kuongeza chuma. Kanuni hii pekee inamaliza nusu ya mabishano yote. Siku ile yule wakala, baada ya kutusikia, alianza kuchambua droo yake na kupata shilingi kumi yenye mstari mwembamba ulioinuka karibu na ukingo. Tuliishika sote. Ilikuwa kosa halisi, tunaamini hivyo. Na jioni alimrudishia mteja kama chenji ya bob kumi, kwa sababu makosa madogo ya namna hii ni ya kawaida viwandani na hakuna anayepanga foleni kuyanunua.

Kipande kilichokatika nacho kina alama yake. Wakati mwingine mashine ya kukata visahani hukata mahali ambapo tundu lilishakatwa, na kisahani kinatoka kikiwa kimeng'atwa upande mmoja kwa umbo la mwezi. Ukipata sarafu ya hivyo, usiangalie palipong'atwa. Angalia ukingo wa upande unaoelekeana nayo. Katika kosa la kweli, ukingo wa huko mara nyingi umefifia, kwa sababu wakati wa kuviringisha pembeni kisahani hakikubanwa sawasawa: palipokosa chuma hapakusukuma, na upande wa pili ukakosa msukumo. Mtu mwenye tupa hajui hilo. Anakata upande mmoja, na wa pili unabaki imara kama wa sarafu nzima. Tena tupa huacha mistari midogo sambamba na chuma kinachong'aa tofauti na sehemu nyingine. Kwa njia, hili si mchezo tu: Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina sura nzima ya makosa yanayohusu sarafu, na kukwangua sarafu ili kupunguza uzito wake huku ukitaka iendelee kutumika kama pesa kumo humo.

Sarafu za rangi mbili ndizo zinazochezewa zaidi. Tangu shilingi kumi ya 1994, ikafuatwa na shilingi tano na baadaye ishirini, tumekuwa na sarafu zenye kiini cha rangi moja na pete ya rangi nyingine. Fundi mwenye nyundo na kipande cha bomba anaweza kukigonga kiini kikatoka, kisha akakirudisha kikiwa kimegeuka, na akaipiga picha akiandika "ajabu ya dunia". Fikiria tena chapa. Picha ya katikati na herufi za pembeni ziko kwenye chuma kimoja, na hupigwa kwa pigo moja, na pigo hilohilo ndilo linalobana kiini ndani ya pete. Haziwezi kutofautiana mwelekeo. Sarafu ambayo simba wake amelala chali huku maandishi ya pembeni yamekaa sawa, kiini chake kiligeuzwa baada ya kutoka kiwandani, na ukiitikisa karibu na sikio pengine utasikia kinacheza. Kosa halisi lipo pia, kwa mfano kiini kikikaa pembeni kabla ya pigo, lakini hapo picha inapita juu ya mpaka uliopinda bila kukatika wala kuhama.

Kuna ujanja mwingine unaohitaji jiliwa, kile kifaa cha fundi cha kubania vyuma. Anaweka sarafu mbili zikitazamana na kukaza. Herufi za moja zinazama kwenye nyingine, zikiwa zimegeuka kama kwenye kioo. Hili huwachanganya hata watu makini, kwa sababu kuna kosa la kweli linaloacha picha ya kioo: sarafu iliyokwisha kupigwa ikinasa kwenye chapa, kisahani kinachofuata hupigwa kwa uso wa sarafu ile badala ya chapa. Ila katika kosa hilo uso mzima ni wa kioo na picha ya kawaida ya upande huo haipo kabisa. Ya jiliwa ina vyote viwili, picha ya kawaida iliyobonyea, na juu yake alama za kioo zilizokanyagana nayo.

Rangi tutaipitia haraka. Shilingi iliyogeuka nyeusi, ya bluu au yenye madoa mekundu imepita kwenye moto, kwenye maji machafu au kwenye dawa ya kusafishia. Kibera imeona mioto mingi ya nyumba, na sarafu zinazookotwa kwenye majivu huwa na rangi za kila namna. Nikeli ikishatoka, chuma cha ndani kinashika kutu. Vilengelenge vidogo chini ya nikeli vinaweza kuwa vya kiwandani, na havina soko.

Sumaku inasaidia ukiwa nayo, hata ile ya spika mbovu. Shilingi moja za miaka ya karibuni zinashikwa na sumaku kwa sababu ndani ni chuma. Zile za 1966 na miaka iliyofuata, za mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazishikwi. Sarafu inayokwenda kinyume na mwaka ulioandikwa juu yake ina maswali ya kujibu. Na mizani ya sonara ni bora kuliko maneno yetu yote, kwani sarafu iliyosagwa hupungua uzito, lakini ya treni haipungui. Mizani ya sukari haitakusaidia, haioni tofauti ndogo hivyo.

Sasa kuna kundi la tatu, na hapa ndipo wazee wetu wanapoumia zaidi: sarafu ambazo hazina kosa wala uharibifu, ni za zamani tu. Babu alikuwa na kopo la sarafu zenye tundu katikati. Senti moja, senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, za wakati wa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zilitobolewa kiwandani makusudi. Herufi ndogo H au KN zinazoonekana kwenye baadhi yake si makosa, ni alama za viwanda vya Uingereza vilivyozipiga. Zile za 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu mwaka huohuo, zina hadithi nzuri, lakini zilitoka kwa wingi na hazitakununulia ploti Rongai.

Vilevile na za kwetu. Kenya ilianza kutoa sarafu zake 1966. Zile za 1966 hadi 1968 hazina maandishi kuzunguka sura ya Mzee Kenyatta, yaliongezwa 1969. Kila mara kuna mtu anayeuziwa ya 1967 kama "ile iliyosahauliwa jina". Shilingi tano ya 1985 ina pande saba kwa sababu iliundwa hivyo, hakuna aliyeikata. Shilingi 40 ya 2003 yenye sura ya Rais Kibaki ilikuwa ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na kwa wakala bado ni bob 40. Na sarafu za 2018 hazina sura ya mtu kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, imekataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Tumewahi kuulizwa kwa dhati kama shilingi ya twiga ni "ile waliyosahau kuweka rais".

Je, kuna sarafu zenye makosa zinazouzwa kwa pesa nzuri? Zipo, hasa nchi zenye wakusanyaji wengi kama Marekani. Huko mnunuzi wa kweli anataka kuishika sarafu, kuipima, kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Haiwezekani kuhukumu kosa kwa picha moja ya WhatsApp iliyopigwa usiku kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Na mnunuzi ndiye anayetoa pesa. Anayetaka kununua ng'ombe wako hakuombi kwanza umtumie elfu mbili za kumhakikisha ng'ombe.

Huyo wa mama alikuwa na ngazi nyingine mbele, tunazijua kwa sababu wengine wamezipanda hadi juu. Baada ya cheti inakuja pesa ya msafirishaji. Baada ya msafirishaji ni ushuru. Halafu inakuja meseji iliyoandikwa kufanana na zetu ikisema 380,000 zimeingia lakini zimeshikiliwa, piga nambari hii utoe PIN ili zifunguliwe. Pesa ikiingia kwenye akaunti yako, salio lako linaongezeka. Fungua menyu mwenyewe uangalie salio. Kama halijabadilika, hakuna kilichoingia, hata meseji iwe na maneno matamu namna gani. Sisi hatushikilii pesa tukisubiri PIN yako, na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN, si kwa simu, si kwa meseji, si hata pale mezani Soweto West.

Jambo dogo linalookoa wengi: kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Tulimwambia mama ajaribu hadi hatua hiyo tu, bila kuweka PIN. Tangazo lilikuwa la "kampuni ya kimataifa ya sarafu". Jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi, majina mawili, laini ya kawaida. Mama akaisoma mara mbili, akazima simu.

Kama umeshatuma, usione haya na usingoje kesho. Pigia laini yetu ya huduma kwa wateja ile iliyo kwenye programu au kwenye bango la wakala, si nambari uliyotumiwa kwenye meseji. Pesa ikiwa bado haijatolewa kwenye akaunti ya aliyeipokea, tunaweza kuizuia tukishughulikia malalamiko. Ikishatolewa mambo yanakuwa magumu, na wakora huitoa upesi. Hifadhi meseji ya malipo, hifadhi mazungumzo yote ya WhatsApp hata kama yanakuudhi, nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB. Na usimlipe yule anayekuja baadaye akisema atakurudishia pesa zako kwa ada ndogo. Mara nyingi ni mtu yuleyule.

Mama alibaki kidogo na sisi akigeuzageuza sarafu yake. Alituambia kijana wake wa darasa la nne ndiye aliyempa, na kwamba alisema ameiokota. "Ameiokota wapi, nitamuuliza leo." Akanunua salio la bob ishirini, akaenda kutafuta unga.

Kliniki inayofuata iko Kawangware, stage ya 46, Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Kama una sarafu inayokusumbua, ilete pamoja na nyingine mbili tatu za mwaka huohuo. Tutakuwa na sumaku, kioo cha kukuzia na mizani ya sonara tuliyoazimwa.